Mkono Kwenye Mashine: Mwili, Kiwanda na Sheria Katika Utafiti wa Morogoro

*Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Morogoro. Maneno yaliyoelekezwa kwa wasikilizaji yameachwa kama yalivyosemwa.*

  

Nimeombwa nizungumzie tafiti za miaka ya karibuni katika nyanja tatu ambazo hazina mazoea ya kukaa chumba kimoja. Ya kwanza ni anatomia ya binadamu. Ya pili ni ufundishaji wa sheria. Ya tatu ni viwanda janja, yaani viwanda ambavyo mashine zake zimefungwa vihisi vinavyopima joto, mtetemo na kasi, kisha kompyuta ikasoma vipimo hivyo na kuamua jambo kabla binadamu hajaliona. Nisingependa kuwapitisha katika nyanja hizo moja baada ya nyingine kama mtu asomaye orodha. Lengo langu ni kuonyesha mahali zinapokutana, nami napaona katika mkono wa mfanyakazi aliyesimama mbele ya mashine. Mkono huo una kano na mifupa, na hayo ni mambo ya anatomia. Unaendesha mashine, na mashine ina wahandisi wake. Ukikatwa kidole, suala linahamia kwa mwanasheria.

Dai langu ni kwamba katika nyanja zote tatu tumekuwa tukitumia vipimo vilivyochukuliwa kwingine, na kwamba utafiti wenye faida kwa mkoa huu ni ule unaopima upya hapa. Nina hoja nne.

Hoja ya kwanza: mwili wa kitabuni na mwili wa hapa

Naomba kila mmoja wenu anyooshe mkono mmoja, kiganja kikitazama juu. Gusanisheni ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha mwisho. Sasa kunjeni kifundo cha mkono kidogo, kuelekea kwenu. Wengi mnaona kamba imesimama katikati ya kifundo. Hiyo ni kano ya msuli mrefu wa kiganja. Wachache kati yenu hamtaiona, na msiogope, hamna ugonjwa wowote. Kuna watu wanaozaliwa bila msuli huo na wanafanya kazi zote kama wengine.

Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vinasema kwamba karibu asilimia 15 ya watu hawana msuli huu. Mwaka 2011 madaktari wa Afrika Mashariki walichapisha matokeo ya kuwapima watu 800 wa eneo letu, wakakuta wasio nao ni asilimia 4.4. Tofauti hiyo ina maana kwenye chumba cha upasuaji. Mtu akikatwa kano ya kidole kwa panga au kwa mashine, daktari anaweza kuchukua kano hii ya kiganja na kuungia ile iliyokatika, kwa sababu kuondolewa kwake hakupunguzi nguvu za mkono kwa kiasi cha kuhisika. Daktari wa hapa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuikuta kuliko kitabu kinavyomtayarisha. Kipimo kimoja kidogo, kinachofanyika bila kifaa chochote, kimebadilisha matarajio ya mpasuaji.

Nimeanza na kano kwa sababu kila mtu anaweza kuipapasa, lakini mambo ya namna hii ni mengi. Matundu ya taya ambamo mishipa ya fahamu hupita, ambayo daktari wa meno huyakisia anapochoma sindano ya ganzi, hayakai mahali palepale kwa watu wa kila jamii. Matawi ya mishipa ya damu ya figo na ya ubongo nayo yanatofautiana. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamefanya kazi kubwa ya kuyapima haya kwa wagonjwa na kwa maiti za Kenya, na jarida la *Anatomy Journal of Africa* linalotolewa huko limekuwa mahali pa kuyaweka. Henry Gray alipotoa kitabu chake cha anatomia London mwaka 1858, alieleza miili aliyokuwa nayo mbele yake, na alifanya vyema. Sisi nasi tuna wajibu wa kueleza iliyo mbele yetu.

Hapo linajitokeza jambo zito. Miili hiyo ya kusomea inatoka wapi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu vyuo vya udaktari barani Afrika ulionyesha kwamba vingi hutegemea maiti ambazo hakuna ndugu aliyejitokeza kuzichukua. Maana yake ni kwamba maskini na wasio na kwao ndio wanaotufundishia madaktari, na hawakuulizwa. Kwetu mazishi si ya mtu mmoja, ni ya ukoo. Kesi ya S. M. Otieno huko Kenya mwaka 1987 iliwaonyesha watu wa ukanda huu wote jinsi ukoo na mjane wanavyoweza kushindana mahakamani hadi Mahakama ya Rufani juu ya mahali pa kuzika mwili mmoja. Mtu anayetaka kuutoa mwili wake kwa ajili ya elimu hana budi kuzungumza na ukoo wake angali hai, na anahitaji mwanasheria wa kumwandikia ridhaa itakayoheshimiwa. Naliamini jambo hili kwa moyo wote: anatomia ya Tanzania haitakuwa na msingi safi mpaka ijengwe juu ya ridhaa.

Kabla sijaondoka kwenye mwili, nitoe mfano mmoja wa kifaa kilichobuniwa kwa kutazama mazingira ya mgonjwa. Ajali za bodaboda zimejaza wodi zetu wagonjwa waliovunjika mfupa wa paja. Tiba nzuri ni kupitisha chuma kirefu ndani ya uwazi wa mfupa na kukifunga kwa skrubu. Katika hospitali tajiri daktari huongozwa na picha za eksirei zinazoonekana papo hapo wakati anapasua. Shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, lilibuni chuma na kiongozi chake ambavyo daktari anaweza kuvitumia bila mashine ya picha hizo, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, imekitumia na kuchapisha tafiti nyingi kuhusu matokeo yake. Kilichonivutia ni kwamba mbunifu aliuliza kwanza chumba cha upasuaji kina nini na hakina nini.

Hoja ya pili: kiwanda kisichouliza hupata jibu kwa gharama

Wazee mliomo humu mnakikumbuka Kiwanda cha Viatu cha Morogoro. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, katika ule mpango mkubwa wa miaka ya 1970 ulioufanya mji huu uitwe mji wa viwanda, pamoja na Polytex, kiwanda cha turubai, cha ngozi na vingine. Kilikusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka na sehemu kubwa iuzwe Ulaya. Mashine zilikuwa za kisasa kwa wakati ule. Hakikuwahi kufika hata asilimia 5 ya uwezo wake, hakikuuza Ulaya, na mwaka 1990 kikafungwa.

Sababu zake zimeandikwa sana, na wachumi wa dunia wanakitaja kiwanda hiki darasani mpaka leo. Kuta zilikuwa za bati na hazikupitisha hewa, katika mji ambao joto lake mnalijua wenyewe. Ngozi iliyopatikana haikuwa ya kiwango kilichotarajiwa. Mashine ziliharibika na spea hazikuwepo. Usimamizi ulikuwa dhaifu. Nawaomba wanafunzi wa uhandisi mzisome sababu hizo polepole, kwa maana hakuna hata moja inayoondoka kwa kufunga kompyuta. Mwaka 2011, kwenye maonesho ya Hannover, Wajerumani walitangaza kile walichokiita mapinduzi ya nne ya viwanda, na tangu hapo kila mwaka tunaletewa picha za viwanda visivyo na watu, vyenye mikono ya chuma. Picha hizo ni za kweli. Lakini kiwanda janja kilichopandwa juu ya umeme unaoyumba, vumbi, joto na kukosekana kwa spea, kitafuata njia ileile ya kiwanda cha viatu.

Je, nasema tuachane na teknolojia hii? Hapana, nasema tuanzie kwenye mashine zilizopo. Katika tafiti za viwanda janja, tawi ninaloona lina faida ya haraka kwetu ni lile la kutabiri uharibifu. Beringi ya mota inapoanza kuchoka, hutetemeka kwa namna ambayo sikio la kawaida halisikii. Kihisi kidogo cha mtetemo kikibandikwa kwenye mota na vipimo vikahifadhiwa siku hadi siku, fundi anaweza kujua wiki kadhaa mapema kwamba beringi itakufa, akaagiza spea Dar es Salaam kabla laini haijasimama. Kihisi cha namna hiyo ni cha bei nafuu. Kazi ngumu ni kujua mtetemo wa kawaida wa mota hii, iliyo hapa, yenye umri huu, katika joto hili. Jedwali la kiwandani Ujerumani halitakwambia. Atakayekwambia ni fundi ambaye ameisikiliza kwa miaka, naye anastahili kuandikwa kama mtafiti mwenza na si kama msaidizi wa kubeba vifaa.

Na kwamba mji huu unaweza kubuni kifaa cha kupimia ambacho dunia nzima inakifuata, ushahidi uko kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tangu mwaka 2000, SUA na shirika la APOPO wamekuwa wakiwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa takriban dakika 20, kazi ambayo mtaalamu wa maabara mwenye hadubini huifanya kwa siku kadhaa. Kila sampuli anayoitilia shaka hupimwa tena maabara, kwa hiyo panya hatoi hukumu ya mwisho, ila anaelekeza macho ya mtaalamu mahali pa kutazama. Magawa, panya aliyezaliwa hapa Morogoro na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020. Mnyama ambaye wakulima wa milimani wanamjua kama mla mazao, watafiti walimtazama pua yake. Wakasoma anatomia yake, tabia yake na ulaji wake, wakapata kihisi kisichohitaji spea kutoka nje. Mji uliozika kiwanda cha viatu ndio uliolea kazi hii. Mimi naona fahari kubwa, na naona pia somo la kiufundi: hapa utafiti ulianza na kilichopo.

Hoja ya tatu: sheria inayosomwa mbali na mwenye shauri

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo palipo na deni kubwa.

Elimu ya sheria nchini ilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, katika jengo la chama cha TANU. Leo tuna vitivo vingi, na hapa mkoani tuna Chuo Kikuu Mzumbe na Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro. Idadi imekua. Lakini mwaka 2022 taifa zima lilishtuka: katika matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na mjadala uliofuata uligusa udahili, ufundishaji vyuoni, lugha na taasisi yenyewe. Wengi walitafuta wa kulaumiwa. Mimi naomba tutazame kitu kingine: mwanafunzi wa sheria anakutana lini na mtu mwenye shauri?

Chukueni ardhi. Kila mwanafunzi wa sheria Tanzania anaisoma kesi ya Holaria Pastory ya mwaka 1990, ambapo Jaji Mwalusanya alikataa mila ya Wahaya wa Bukoba, mkoani Kagera, iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Ni hukumu kubwa na inastahili heshima yake. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, katika kifungu cha 20, ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya ardhi. Sasa mpelekeni kijana huyo milima ya Uluguru, hapa mkoani. Huku ukoo unafuata mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamaye, mjomba ana sauti, na shamba la ukoo lina historia ambayo haimo kwenye kesi ya Bukoba. Mgogoro unaweza kuwa wa mjane wa kiume aliyelima miaka mingi kwenye ardhi ya ukoo wa marehemu mkewe, au wa watoto waliopanda miti kwenye shamba la ukoo wa baba yao. Kijana amebeba kipimo cha Kagera anakuja kupimia Matombo, hapa Uluguru, na ni jambo lilelile nililolisema kuhusu kano ya mkono.

Wazee wa Uluguru wanajua gharama ya kosa hili. Baada ya vita vya pili vya dunia serikali ya kikoloni ilileta mpango wa matumizi ya ardhi wa Uluguru. Wataalamu waliona mmomonyoko, na mmomonyoko ulikuwepo kweli. Wakaamuru matuta ya ngazi, wakatunga sheria ndogo, wakaweka adhabu kwa asiyelima matuta. Hawakupima ipasavyo kina cha udongo wa miteremko mingi: kuchimba matuta kulifukia udongo wenye rutuba na kuleta juu ule mfu.  Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kukataa, polisi wakaingia, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Lakini nendeni Mgeta, hukohuko Uluguru, leo mtayakuta matuta, yamejaa kabichi na njegere. Kule kulikuwa na maji ya kumwagilia na mboga zenye soko, basi mkulima akaona faida na akachimba kwa hiari yake. Mbinu ileile ilifaa upande mmoja wa mlima na kuleta maafa upande mwingine. Mwanasheria anayejifunza kutunga sheria ndogo za halmashauri bila kulisoma tukio hili, nadhani hajamaliza kusoma.

Tangu mwaka 2021 mambo mawili yamebadilika ambayo yanayataka mafunzo ya sheria yabadilike pia. La kwanza, Kiswahili kimefanywa lugha ya sheria na ya mahakama, wakati vitivo vyetu vinaendelea kufundisha na kutahini kwa Kiingereza. La pili, Mabaraza ya Kata yameondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi. Kazi yake sasa ni kusuluhisha, na yakishindwa ndani ya siku 30 mgogoro unaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usuluhishi unadai kusikiliza, kuuliza kwa adabu, kujua nani azungumze kwanza na nani anyamaziwe. Hayo hayafundishwi kwa mhadhara kama huu wangu. Tafiti za ufundishaji wa sheria duniani zimeegemea kwa miaka mingi upande wa vituo vya msaada wa kisheria vya vyuo, ambako mwanafunzi hushika shauri la mtu halisi chini ya usimamizi. Sheria yetu ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeufungua mlango. Kinachokosekana ni vyuo kuhesabu kazi hiyo kama masomo yenye alama, badala ya kuiacha iwe hisani ya mwisho wa wiki.

Hoja ya nne: mkono wenyewe

Hii ni fupi. Mfanyakazi akipoteza kidole kiwandani, Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inampa haki kupitia Mfuko ulioanza kazi Julai 2015. Kabla yake tulikuwa na sheria ya kikoloni iliyoweka ukomo wa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu. Sheria ya sasa inakadiria ulemavu kwa asilimia, kiungo kwa kiungo. Daktari anakadiria, mwanasheria anatetea, mhandisi anaeleza mashine ilifanya nini. Watu watatu wanaandika ripoti tatu za mkono mmoja, na mara nyingi hawajawahi kuonana.

Vihisi vikija, ripoti ya nne itatoka kwenye mashine yenyewe. Itajua opareta alifika saa ngapi, mkono wake ulikuwa na kasi gani, ulipungua lini kwa uchovu. Takwimu hizo zinaweza kumwokoa, kwa kusimamisha mashine mkono unapokaribia kisu. Zinaweza pia kutumiwa kumfukuza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika, lakini ni wangapi kati yenu, ndugu zangu mnaofanya kazi viwandani, mmewahi kuelezwa kwa Kiswahili ni taarifa gani zenu zinakusanywa? Swali hili si la kusubiri mpaka viwanda vyote viwe janja. Kanuni ziandikwe sasa, wakati vihisi bado ni vichache na mazungumzo bado ni mepesi.

Kuelekea mbele

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia kwa maombi yanayoweza kuanza muhula ujao bila kusubiri mfadhili.

Hospitali ya rufaa ya mkoa, viwanda na vyuo vikae pamoja waandae daftari moja la majeraha ya mikono yatokanayo na kazi, bila majina ya wagonjwa: kidole kipi, mashine ipi, saa ngapi ya zamu, matokeo gani ya fidia. Miaka michache ya daftari hilo itatupa utafiti wa anatomia, wa viwanda na wa sheria kwa mpigo, uliopimwa hapa. Vitivo vya sheria viwapeleke wanafunzi kwenye mabaraza ya vijiji na kata milimani, wakakae muhula mzima, na waandike ripoti zao kwa Kiswahili ili wajumbe wa mabaraza waweze kuzisoma na kuzisahihisha. Matokeo ya kila utafiti uliofanywa kwa mfanyakazi au mkulima yarudishwe kwake kabla hayajapelekwa kwenye jarida la nje.

Toka SUA hadi Mzumbe ni safari ya daladala isiyofika saa moja. Wanafunzi mnaotafuta mada za tasnifu mwaka huu, ipandeni daladala hiyo. Mtafuteni mwenzenu wa kitivo kingine, nendeni naye kwa fundi mmoja wa kiwandani, mwombeni awaonyeshe mashine anayoiogopa kuliko zote, na muanze kazi yenu hapo. Nitakayemwona amefanya hivyo, nitamsimamia mwenyewe.